Kuku Kishingo Aliyepimwa Kila Nyumba

Kuku mwenyewe alikuwa jike, rangi ya jivu, na shingo yake haikuwa na hata unyoya mmoja, kama mtu ambaye kinyozi ameitwa kula katikati ya kazi akamwacha hivyo hivyo. Sisi kuku wa namna hiyo tunawaita kishingo. Wapo wasiopenda kumtazama, lakini mchuzi wake, nikwambie kweli, hauna mwenzake. Nimeanza na kuku kwa sababu nikianza na wasomi nitaogopa, maana mimi kuandika nimejifunzia darasa la watu wazima, nikiwa nina wajukuu tayari. Kabla ya hapo nilijua herufi za kwa mwalimu wa Kurani tu. Kwa hiyo msomaji ukiona nimetoka njiani, nisubiri, narudi.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, picha ya Malkia mpya imeshatundikwa kwa jumbe wetu pale Kaole. Mimi nilikuwa nimetoka kuachwa na mume wangu wa kwanza, mtu wa Zinga, mtu wa kununa. Alikuwa akinuna kwa chumvi, akinuna kwa mvua, siku nyingine ananuna tu ili asisahau. Aliponipa talaka nilirudi kwa bibi yangu mzaa mama na kisanduku changu na mikeka yangu, nikalala usingizi ambao sikuwahi kulala tangu niolewe. Watu walikuja kunipa pole. Niliwaitikia kwa huzuni ya adabu, nikifunga mlango nacheka.

Basi siku hizo ndipo likaja lile gari la chuo. Chuo chenyewe kilikuwa mbali, ng'ambo ya ziwa kubwa, kikichukua vijana wa nchi zetu zote hizi. Akashuka mwalimu wao, Mzungu mrefu mwenye kofia ya ukindu, na wanafunzi wake watatu: vijana wawili wa kiume na binti mmoja. Vijana wawili kazi yao ilikuwa huko Miono, kupima mashamba. Huyu binti akaachwa kwetu, kazi yake kupima chakula. Anaingia uani kwa mtu asubuhi kabla jiko halijawashwa, anatundika mizani yake kwenye boriti, anapima kila kitakachopikwa siku hiyo, anaandika, anakwenda nyumba ya pili. Walitaka kujua watu wa pwani wanakula nini hasa, ili ijulikane watoto wanakosa nini. Na kazi hiyo ndiyo ingempa shahada yake. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba walimu wengine walikuwa hawataki msichana aje shamba peke yake, walisema wanakijiji hawatamwambia ukweli. Yule mwenye kofia ndiye aliyesema, mwacheni ajaribu.

Jumbe alisema msichana hawezi kulala kwa wanaume, akaletwa kwa bibi yangu. Bibi akampa kitanda chake cha besera, kile cha nguzo na paa la kitambaa, yeye na mimi tukalala chini juu ya mikeka. Binti akakataa, akasema yeye atalala chini. Bibi akamwambia, "Mwanangu, unataka nikaseme nini mbele za watu?" Yakaisha. Alikuwa na heshima binti yule mpaka inachosha. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, akipita mbele ya mtu anainama, akila anaacha kidogo kwenye sahani. Na viatu vyake vya ngozi, vyekundu kidogo, vyenye kamba, alikuwa anavivua mlangoni na kuvipanga sawasawa kama watoto wawili wanaosubiri mama yao.

Sasa hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mgeni anaingia uani kwako, mgeni wa jumbe, mgeni wa Serikali, amevaa soksi, anakuamkia vizuri, halafu anasema, "Mama, naomba nione unachopika leo." Utamwonyesha muhogo? Utamwonyesha mlenda? Hakuna mwanamke wa Kaole aliyekuwa na uso wa namna hiyo. Nyumba ya kwanza ilitoa mchele, nazi na kuku. Nyumba ya pili ilisikia, ikatoa mchele, nazi, kuku na samli. Ikawa kila nyumba haitaki kushindwa. Lakini mchele mwaka ule haukuwapo. Mvua za masika zilikuwa zimekuja zikachungulia zikaondoka. Mchele uliokuwapo ulikuwa wa bibi yangu, kwenye debe, ameuweka kwa ajili ya arubaini ya ndugu yake. Na kuku aliyenona alikuwa mmoja, yule kishingo, naye wa bibi yangu.

Kwa hiyo nilifanywa mchukuzi. Binti akimaliza kupima nyumba hii, akikaa barazani kuandika, mimi napita nyuma ya migomba na debe kichwani na kuku kwapani, natua nyumba ya pili. Binti akibisha hodi anakuta mchele umeshamwagwa kwenye ungo, unapetwa. Akishaondoka, wenyewe wanatoa muhogo wao mvunguni, wanapika. Wala yeye hakukaa kuangalia wanachokula, maana kwao alifundishwa kwamba kumtazama mtu mdomoni wakati anakula si adabu. Mchele ule ulitembea mji mzima kuliko tarishi. Na mimi, niseme tu, nilifurahi sana siku hizo. Nilikuwa nimekonda kwa kununiwa, nikapata kazi ya kukimbia na kucheka.

Kuku naye akazoea. Akifungwa miguu analegea mwenyewe, anatundikwa kwenye mizani kichwa chini, kimya, kama mzee anayepimwa na daktari. Na binti alidhani kuku wote wa pwani shingo zao ndivyo zilivyo.

Halafu mwalimu akaja kukagua. Alikuwa amepelekewa hesabu za mwanzo na hazikumwingia akilini. Kiswahili chake kilikuwa safi lakini kigumu, kila neno anaweka chini kabla ya kuchukua jingine. Akasema, "Leo nitafuatana na mwanafunzi wangu."

Nyumba ya kwanza akataka kumpima kuku mwenyewe. Kishingo hakumjua, au kofia ilimtisha, sijui. Akamdonoa kidole mpaka damu ikatoka. Mwenye nyumba akaomba radhi kwa niaba ya kuku, mwalimu akafunga kidole kwa leso yake, wakaenda nyumba ya pili. Kuku akawatangulia, kwa miguu yangu. Mwalimu alimtazama akaguna. Nyumba ya tatu nilifika nimechelewa, pumzi hakuna, kanga imenishuka, nikamtupa kuku juu ya ua, nikasikia anaangukia ndani kwa kelele. Nilipochungulia kwenye upenyo wa makuti, nikaona kuku amesimama mbele ya mwalimu, wanatazamana, huyu na shingo yake tupu na yule na kidole chake cha leso.

Mwalimu akavua kofia. "Bibi," akamwambia kuku, "sisi tumeshaonana."

Mwenye nyumba akaingia ndani, hakutoka tena. Binti alikuwa ameshika mizani mkononi, na uso wake sitaki kuukumbuka. Mwalimu hakugomba. Alimwambia taratibu kwamba gari litarudi baada ya wiki kumchukua. Akiwa amepata hesabu za kweli, vizuri. Kama hakupata, kazi hii itafungwa, na yeye atarudi chuoni kutafuta kazi nyingine ya ndani, ya kwenye vitabu, na wale waliosema msichana asije watakuwa wamesema kweli. Hiyo ya mwisho hakuisema kwa mdomo. Binti ndiye aliyeisikia.

Jioni alirudi nyumbani akavua viatu, hakuvipanga. Akaja uani akakaa juu ya mbuzi ya nazi, pale pale kwenye meno yake karibu, nikamwambia sogea utajikata. Akaniuliza, "Dada, yule kuku nimempima nyumba ngapi?"

Nilitaka kusema uongo nikashikwa na kicheko. Unajua kicheko kinachokuja mahali pasipo pake, ukikibana kinatokea puani. Naye akanitazama, akaanza kulia, halafu katikati ya kulia akacheka, halafu akalia tena.

Bibi yangu alikuwa anachochea jiko. Akasema, "Mwanangu, usituone watu wabaya. Wewe ni mgeni wetu. Mgeni hatumwonyeshi ndani ya chungu."

"Basi nifanye nini, Bibi, nisiwe mgeni?"

"Uolewe hapa, uzae, uzeeke kidogo."

"Nina wiki moja."

"Wiki moja haitoshi hata kupata mume mbaya," nikasema mimi, ninayejua.

Bibi akakoroga chungu. Ndipo akauliza swali ambalo siku zote hizo hakuna aliyemuuliza, maana mgeni akikaribishwa haulizwi kabila kama mtu wa kodi. Tulijua katoka chuoni, ng'ambo ya ziwa, tukaridhika kuwa ni mtu wa huko huko. Akasema, "Kwani kwenu hasa, kwa baba yako, wapi?"

"Tabora," akasema binti huku anajifuta. "Baba ni mwalimu wa misheni. Sisi Wanyamwezi."

Upawa ukaanguka chini.

Sasa kwa asiyejua. Bibi yangu alikuwa Mzaramo, na nusu ya mji wetu Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wao walishuka na pembe za ndovu mabegani kuja Bagamoyo, sisi tuliwapokea huku chini, na kwa kukaa pamoja, kuuguzana na kuzikana, likazaliwa jambo la kutukanana bila kosa. Mtani akifiwa, unakwenda kumchekesha msibani. Akiwa na kitu kizuri unakichukua, hasemi kitu, naye siku yake atachukua chako. Mtani haambiwi karibu, anaingia tu. Na mtani hafichwi chungu, kwa sababu hakuna aibu mbele yake. Aibu zote zimeshasemwa zamani.

"Mnyamwezi!" Bibi alisimama, yeye ambaye kusimama kwake kulikuwa na maandalizi. "Mpagazi wangu! Mpagazi wangu amelala kwenye kitanda changu cha besera siku zote hizi, mimi nimelala chini na mbavu zinaniuma! Mjukuu wangu, umeyaona haya? Babu yake alishuka hapa na mzigo begani, akaiona bahari, akauliza, nani amemwaga maji yote haya!"

Binti alishangaa. Amelelewa bweni la masista, utani aliusikia kwa wazee tu, hajawahi kuucheza. Akasema, "Samahani, Bibi."

"Samahani ya nini? Mjinga wewe! Nijibu!"

Akafikiri. Unamwona anatafuta, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, "Babu yangu alikuwa na haki ya kuuliza. Alidhani ni Wazaramo wameoga kwa mara ya kwanza."

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Muhogo ukaungua, tukaula hivyo hivyo, na usiku ule binti alilala mkekani na mimi, bibi akarudi kitandani kwake akikoroma kwa raha.

Lakini kucheka jikoni ni jambo moja, na kazi ni jambo jingine. Mji ulikuwa haujajua. Asubuhi, jua limeshapanda na majiko yameshawashwa, bibi akatoka kabla yetu. Tulipofika mlangoni, viatu havipo. Tukatazama njiani tukamwona bibi yangu anakwenda na kanga zake mbili, na miguuni kavaa vile viatu vya ngozi vya binti, kamba zinaburura, kila hatua kop, kop, kop. Binti akamfuata miguu mitupu, na mizani yake begani, anaruka ruka kwa sababu nyayo zake hazikujua mchanga wa moto wala miiba. Mimi nyuma yao, mikono mitupu, sina debe, sina kuku.

Hapakuwa na haja ya kutangaza kitu. Mtu akiona bibi kizee amevaa viatu vya mgeni na mgeni yuko peku anamfuata, anajua hao ni watani. Wanawake wakatoka nyuani. "Kumbe Mnyamwezi?" "Mnyamwezi huyo!" "Na nazi yangu nilimpa akapime! Rudisha nazi, mpagazi we!" Vigelegele. Mzee mmoja akamvua binti kilemba chake akajifunga yeye.

Bibi hakwenda nyumba ndogo. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya bati. Bati Kaole wakati ule lilikuwa moja, na mama mwenye nyumba ile mumewe alikuwa karani wa forodha. Alikuwa mwanamke mzuri, mwenye sauti ya chini, ambaye hata kuni zake zilikatwa zikalingana. Nyumba zote zilimtazama yeye. Akifungua chungu yeye, wote watafungua. Akitoa mchele yeye, wiki imekwisha na binti anarudi chuoni na mizani yake tupu. Binti alilijua hilo.

Mama wa bati akatukaribisha kama kawaida. Kiti kikaletwa. Ungo wa mchele ukaletwa, mchele wake mwenyewe, sijui aliutoa wapi. Nyuma yake, kwenye mafiga, chungu kinatokota kimefunikwa kwa kawa. Harufu ya muhogo inatoka, sote tunaisikia, na sote tunajifanya hatuna pua.

"Shika, mwanangu," akasema, "pima."

Binti akatazama mchele. Akatazama chungu. Adabu yote ya masista ilikuwa imemshika miguu, niliiona. Nikamwombea. Bibi akagonga viatu chini, kop.

Akaupita ungo. Akaenda mpaka jikoni, akachuchumaa, akainua ile kawa kwa mkono wake. Mvuke ukampiga usoni. Ndani muhogo, kisamvu bila nazi, na uduvi kidogo juu, umehesabika kama wageni wa harusi ya maskini.

Mama wa bati akavuta kanga akafunika mdomo.

Binti akasema, kwa sauti sasa, si ile ya jana, "Loo! Wazaramo! Bahari yote hii mbele ya mlango, na hawa uduvi mmewaazima wapi? Kwetu Tabora hatuna hata bwawa, lakini tungewaonea aibu!"

Nilifumba macho. Nilipofumbua, mama wa bati alikuwa amejishika kiuno. Akasema taratibu, na ile sauti yake ya chini, "Mpagazi, toa pua yako chunguni kwangu, itaongeza chumvi." Halafu akaanza kucheka, na kucheka kwake hatukuwahi kukusikia, kulikuwa kunapanda kama kuku anayetaga. Akauchukua ungo wa mchele akaumwagia kwenye kapu akafunika. "Pima huo muhogo. Pima na majani. Na uandike kwamba nazi sina tangu Jumatatu, na mume wangu akiuliza namwambia zimeoza."

Kuanzia hapo siku zilikuwa tamu. Kila uani binti akiingia anatukanwa, anatukana, anafunua, anapima. Wanawake wakawa wanamwita wenyewe waone kama atapata la kusema. Kwa mmoja alikuta mlenda, akauliza kama wanaula au wanabandikia barua. Mmoja hakuwa amepika kitu, watoto walikuwa wamekula maembe mabichi tu, na alimwambia wazi, bila kuinamisha macho, kwa sababu huyu ni mtani. Hapo binti hakutania. Aliandika, kisha akaenda akachukua kibaba cha unga kwa bibi yangu bila kuomba, akampa yule mama. Bibi akapiga kelele ameibiwa na Mnyamwezi, njia nzima, kwa furaha. Miguu ya binti ikapata malengelenge, ikapasuka, ikakomaa. Aliomba viatu mara moja. Bibi akamwambia, "Viatu gani?"

Gari likarudi. Mwalimu akaketi barazani kwetu akasoma kurasa moja moja, na kidole chake kimepona. Muhogo, muhogo, kisamvu, uduvi, muhogo, maembe. Alisoma lile la maembe mara mbili. Kisha akamuuliza binti kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie nadhani, "Walikubalije kukuonyesha?"

Binti akasema, "Niliwatukana, mwalimu."

Mwalimu akamtazama bibi yangu, na kile alichovaa miguuni. Akarudi kwenye karatasi, akaandika kitu chini ya ukurasa wa mwisho, akamrudishia. Binti alisoma akakunja ile karatasi haraka, akaingia ndani. Nikamfuata nikidhani analia. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kile kitanda cha besera, anapiga godoro ngumi na kucheka. "Anasema niendelee, dada! Anasema hii ndiyo kazi!"

Mchana bibi akatandika mkeka. Mwalimu alikuwa mgeni, na hakuwa mtani wa mtu yeyote. Kwa hiyo mchele ukatoka kwenye debe, arubaini ilikuwa imeshapita kwa unga wa kuazima mchele ulipokuwa kazini, na kishingo akachinjwa. Tulisikitika kidogo, alishakuwa mtu wa kazi. Aliletwa kwenye sinia, juu ya wali wa nazi, ananukia mpaka njiani. Mwalimu akamtambua mara moja kwa shingo yake, akamwinamia kidogo kabla ya kunawa.

Binti akanyoosha mkono kwenye paja la kuku. Bibi akampiga mkono ule kwa mwiko.

"Mgeni ale kuku. Wewe mpagazi, muhogo wako uko jikoni."

Akaenda, peku, akauchota mwenyewe kwenye chungu. Alikuja akakaa karibu yangu akautafuna, na uduvi, na pilipili, machozi ya pilipili yanamtoka. Mwalimu alikuwa anamtazama juu ya sinia lake la wali. Mwisho akauliza kama naye anaweza kuonja ule muhogo.

"Haiwezekani," akasema binti, mdomo umejaa. "Ule ni wa wenyeji."